Picha Hukuza, Neno Hupima: Tahakiki ya Picha za Karibu

1. Utangulizi

Miongoni mwa wanafunzi wetu umeenea mtindo wa kupiga picha za vitu vidogo kwa simu janja iliyobanwa lenzi ya ziada. Lenzi hiyo ni ndogo kama kifungo cha koti, imetiwa katika kibanio mfano wa kile cha kuanikia nguo, na bei yake ni nafuu. Kwa chombo hicho mtu anaweza kupata picha ya jicho la nzi, ya unga wa ubawa wa kipepeo au ya mishipa ya jani, kazi ambayo zamani ilihitaji maabara.

Picha hizi zimepokewa kwa namna mbili. Wako wanaozidharau, wakisema ni mchezo wa vijana usiostahili kuitwa sanaa wala elimu. Wako pia wanaozistaajabia mno, wakiamini kwamba kitu kikikuzwa basi ukweli wake umefichuliwa. Sisi tunaonelea kwamba pande zote mbili zimekosea. Picha ya karibu ni ushahidi, lakini ni nusu ya ushahidi. Nusu ya pili ni neno linalotaja jina la kitu, ukubwa wake na mahali kilipotoka. Tutaieleza hoja hiyo kwa mifano mitatu: nguo, ua na kilima. Kwanza, hata hivyo, tukitazame chombo chenyewe, kwani mhakiki asiyejua chombo hawezi kuhukumu kazi yake.

2. Chombo na mipaka yake

Kamera ya simu, ikiachwa peke yake, haioni vizuri kitu kilichoisogelea mno. Picha huwa na ukungu. Lenzi ya ziada ni lenzi mbinuko, na kazi yake ni kuisaidia kamera kusogea. Lenzi iliyoandikwa «mara 10» kwa kawaida ina urefu wa fokasi wa milimita 25. Maana yake ni kwamba kitu kitaonekana wazi kikiwa umbali wa takriban milimita 25 kutoka kwenye lenzi, wala si mbali zaidi wala karibu zaidi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Hiyo «mara 10» haisemi kwamba picha imekikuza kitu mara kumi. Ni hesabu ya kikuza-maandishi cha mkononi: umbali wa milimita 250, ambao jicho la kawaida husomea kwa raha, umegawanywa kwa 25. Kamera hufuata hesabu nyingine. Tuseme lenzi ya simu yenyewe ina urefu wa fokasi wa milimita 5. Basi petali yenye upana wa milimita 10 itachora sura ya milimita 2 tu juu ya kipokea-mwanga kilicho ndani ya simu. Ukuzaji unaobaki hutendeka kwenye kioo, mtazamaji anapoitanua picha kwa vidole viwili. Kwa hiyo ukubwa tunaouona hautegemei kitu, wala mpigaji, bali mtazamaji na kioo chake.

Mipaka mingine huonekana mara moja. Unene wa sehemu iliyo wazi ni mdogo sana, mara nyingi haufikii hata milimita mbili. Kichwa cha mdudu kikionekana wazi, kiuno chake kimeshazama katika ukungu. Pembezoni mwa picha mistari hupinda na kuota rangi za upinde wa mvua, kwa sababu kipande kimoja cha kioo cha bei rahisi hakiwezi kukusanya rangi zote mahali pamoja. Kivuli cha simu huangukia kitu kinachopigwa, hivyo ni lazima mwanga utoke ubavuni. Simu zenye kamera kadhaa huhama zenyewe kutoka kamera moja hadi nyingine, na mpigaji akakuta ameifunika ile isiyotumika. Tena programu ya simu hunoa kingo na kulainisha chembechembe bila kuombwa, hata unyoya ukafanana na mchoro wa brashi.

Wenye dharau huzihesabu kasoro hizi kuwa hoja yao. Sisi twaona kinyume. Mtu aliyelazimika kukaa milimita 25 kutoka kwa kitu, akizuia pumzi ili jani lisitikisike, akingoja upepo utulie, amefanya kazi ya kutazama. Si mchezo huo. Swali letu ni jingine: baada ya kutazama hivyo, ametuletea nini?

3. Mfano wa nguo

Lenzi moja ndogo si kitu kipya katika historia ya elimu. Antoni van Leeuwenhoek, aliyeishi Delft, Uholanzi, kuanzia 1632 hadi 1723, alikuwa mwuza nguo. Wafanyabiashara wa nguo wa wakati wake walitumia vikuza-macho kukagua nyuzi za vitambaa. Yeye akatengeneza lenzi zake mwenyewe, punje za kioo zilizobanwa kati ya vibati viwili, na tangu 1673 akawa anaiandikia Royal Society ya London barua za yale aliyoyaona: viumbe vidogo ndani ya maji, chembe za damu, utando wa meno.

Jambo linalotuhusu ni jinsi alivyoeleza. Leeuwenhoek hakuwa na kipimo kilichokubaliwa cha vitu vidogo namna ile. Akalinganisha: kiumbe hiki ni kidogo mara kadhaa kuliko chembe ya mchanga, kile ni kama sehemu fulani ya unywele, katika tone lililo sawa na mbegu ya mtama mna viumbe wengi kiasi hiki. Michoro iliyofuatana na barua zake ilichorwa na wachoraji aliowaajiri, lakini vipimo vilikuwa katika maneno yake. Bila maneno hayo, michoro ile ingekuwa mapambo ya kigeni tu.

Tuje sasa kwetu. Katika masoko ya Lubumbashi mama anayenunua kitenge, tunachokiita hapa kikwembe, hukigeuza kwanza upande wa nyuma. Anajua kwamba katika waksi halisi utomvu hupakwa pande zote mbili za pamba, kisha huvunjwavunjwa, na rangi hupenya katika nyufa na kuacha mishipa myembamba. Tuliweka lenzi ya ziada juu ya mshipa mmoja wa namna hiyo. Picha ilipendeza kweli: mto wa buluu wenye vijito, ukipita juu ya nyuzi nene kama kamba za mashua.

Lakini picha hiyo haikuweza kutuambia kama kikwembe ni halisi au ni cha kuiga. Viwanda vya kuiga huchapa hata nyufa. Tofauti hujulikana kwa kulinganisha: katika waksi halisi ufa haujirudii, kwani utomvu hauvunjiki mara mbili kwa namna moja, katika nguo ya kuiga ufa ule ule hurudi mahali pale pale katika kila ua. Ili kulijua hilo, shurti jicho lirudi nyuma na kuona nguo yote. Ukaribu ulituonyesha mshipa, na umbali peke yake ndio uliotuonyesha kama mshipa huo ni wa kweli. Mama wa sokoni, anayeinamia nguo kisha akaikunjua kwa mikono miwili, hufanya mambo yote mawili, na katika hilo ametangulia mbele ya wapiga picha wetu wengi.

4. Mfano wa ua

Mpigaji picha za karibu aliyesifiwa kuliko wengi ni Mjerumani Karl Blossfeldt (1865–1932), aliyekuwa mwalimu wa sanaa mjini Berlin. Kitabu chake Urformen der Kunst kilitoka 1928 kikiwa na picha 120 za mimea iliyokuzwa: machipukizi, vikonyo, vichwa vya maua. Alizipiga kwa kamera aliyoiunda mwenyewe, kwanza kabisa ili kuwafundisha wanafunzi wake umbo. Mwaka huo huo wa 1928 Walter Benjamin alikiandikia kitabu hicho uhakiki wa kukisifu.

Sifa hizo anastahili. Chipukizi la kangaga husimama katika ukurasa wake kama fimbo ya mfalme, na shina jembamba hugeuka nguzo ya hekalu. Tena Blossfeldt hakumwacha mtazamaji gizani: kila mmea umepewa jina lake na idadi ya mara ulivyokuzwa. Ametimiza masharti mawili kati ya matatu tuliyoyataja.

Sharti la tatu hakulitimiza. Mimea yake husimama mbele ya karatasi tupu, bila udongo, bila jirani, bila mdudu. Hatujui imechumwa kando ya barabara gani. Kwa mwalimu wa mapambo hilo halikuwa kosa, maana alitafuta umbo. Kosa ni letu tunapoiga utupu ule na kudhani kwamba tunafanya elimu ya mimea. Vijana wengi hutafuta nyuma ya ua weusi mtupu, na huona fahari ua likielea kama nyota, kisha hata jina na kipimo, ambavyo Blossfeldt aliviandika, hawaviandiki. Hapo wameuchukua udhaifu wa bwana mkubwa na kuiacha nguvu yake.

5. Mfano wa kilima

Katika Katanga mahali si jambo dogo. Juu ya vilima vya shaba miti haikubali, bali humea majani na maua yanayostahimili sumu ya madini. Mojawapo ni Haumaniastrum katangense, linaloitwa ua la shaba. Wataalamu, miongoni mwao François Malaisse aliyefundisha Lubumbashi, wameonyesha kwamba mmea huu umewasaidia watafutaji wa madini, hata na watafiti wa mambo ya kale, kwa kuwa huota pia pale ambapo wahenga waliyeyushia shaba. Ua hili, basi, ni maandishi: anayejua kulisoma huona tanuri la kale chini ya miguu yake.

Lipige picha ua hilo kwa lenzi ya «mara 10». Utaona midomo midogo ya zambarau yenye vinyweleo, na ni uzuri wa haki. Lakini katika picha hiyo hamna shaba, hamna tanuri, hamna wahenga. Ua limekuwa ua lolote, lingeweza kuwa limeota katika chungu dirishani.

Upungufu huu una gharama. Iko mimea ya vilima hivi isiyoota mahali pengine popote duniani, na vilima vyenyewe ndivyo vinavyochimbwa. Kilima kikiondolewa, mmea wake huondoka nacho. Siku itakapoulizwa ni nini kilichokuwapo pale, picha za wanafunzi wetu zitaitwa kutoa ushahidi. Picha isiyo na jina la kilima, tarehe wala kipimo itasimama mbele ya baraza kama shahidi bubu. Itasema tu kwamba kulikuwa na kitu kizuri mahali fulani, na shahidi wa namna hiyo hakuna mwamuzi amwaminiye.

6. Hitimisho

Hatukusudii kuwazuia vijana lenzi zao. Tunataka kazi yao ipewe heshima, na heshima ina masharti. Kwanza, kila picha ya karibu ifuatane na picha ya pili iliyopigwa kwa mbali, ili tujue ua limesimama wapi. Pili, pembeni mwa kitu pawekwe kipimo, ikiwa rula haipo hata mbegu ya ulezi itatosha. Tatu, maelezo yaandikwe, na yaandikwe kwa Kiswahili.

Sharti hili la mwisho linaihusu idara yetu moja kwa moja. Lugha yetu haikosi maneno ya kupimia udogo: inayo wanda na shibiri, unywele, punje na chembe. Inayo majina ya mimea yaliyohifadhiwa na wazee vijijini, ambayo hayajaandikwa yote. Mwanafunzi anayerudi kutoka kilimani na picha ishirini zisizo na maneno ameleta nusu ya mzigo. Nusu nyingine imebaki kule juu, kwa mzee aliyempita njiani bila kumwuliza jina la ua.