Mtambo Unapokwama: Uhakiki wa Udhaifu wa Mashine katika Distopia

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, swali la distopia huwakanganya wengi katika madarasa yetu ya Eastlands, kuanzia Kayole hadi Jericho. Distopia ni kazi inayosawiri jamii ya kubuni iliyogeuka jinamizi, ambamo dola inamwona kila mtu na mtambo unaamua kila jambo. Wanafunzi wengi huandika kwamba "mashine ni mbaya", kisha wakaweka kalamu chini. Jibu hilo halitoshi, kwani mashine haina nia. Linalofaa kuhakikiwa ni jinsi mtambo unavyokwama, na ni nani anayeumia au kunufaika unapokwama.

Udhaifu wa kwanza ni kutotegemeka. Katika hadithi ya E. M. Forster, "The Machine Stops" (1909), binadamu wanaishi chini ya ardhi, kila mmoja chumbani mwake, huku mtambo mmoja ukiwapa hewa, chakula na mawasiliano. Hitilafu zinaanza kidogo kidogo. Watu wanalalamika, kisha wanazoea. Hatimaye kifaa cha kuurekebisha mtambo nacho kinaharibika, na hakuna tena anayeuelewa mtambo mzima. Unaposimama, wanaangamia. Tunaona kwamba kiini cha maafa ni mazoea na maarifa yaliyopotea, wala si chuma kilichochakaa.

Udhaifu wa pili ni wa ulinzi. Rejelea Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, msomi wa sosiolojia aliyewahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980. Dzombo anahukumiwa kifo na kutiwa ndani ya chombo cha angani kinachokusudiwa kumuua. Badala ya kufa, anafaulu kukiendesha na kufika nchi ya Walenisi, jina ambalo ukilikata linasomeka "wale ni sisi".

Je, kuokoka kwake ni sadfa tu? Watahiniwa wengi hudai hivyo. Mimi nashikilia kuwa sivyo. Ikiwa mfungwa aliweza kukiongoza chombo, basi kinga kuu ya dola ilikuwa imani kwamba aliyehukumiwa hawezi kujua. Dhuluma huwadharau wanyonge, na dharau hiyo ndiyo tundu lake. Kwa Forster ujinga unaua. Kwa Mkangi maarifa yanaokoa. Hoja ni moja, iliyotazamwa pande mbili.

Usidhani haya ni ya mbali. Katika uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, vifaa vya kielektroniki vya kutambua wapiga kura vilikwama katika vituo vingi, vingine kwa kuishiwa na chaji, ikabidi kurejelea sajili za karatasi. Mwaka 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba uzinduzi wa kadi za Huduma Namba haukuwa halali, kwa sababu athari zake kwa usiri wa habari za watu hazikutathminiwa kwanza. Wakati huo mamilioni walikuwa wametoa alama za vidole tangu 2019. Mwaka 2024 wenye mita za tokeni walitakiwa kuzisasisha kabla ya tarehe 24 Novemba, la sivyo zingekataa tokeni mpya. Mwanafunzi wa Umoja au Dandora haelezwi mara mbili: tokeni zikikataa, ni yeye anayedurusu gizani, wala si aliyeunda mita.

Kwa hivyo, ukutanapo na mtambo katika kazi ya fasihi, jiulize maswali matatu. Ni nani aliyeuunda na kwa lengo gani? Ufunguo wake uko mikononi mwa nani? Ukikwama, hasara inamwangukia nani? Majibu yake yatakupa maudhui, usawiri wa wahusika na dhamira kwa pamoja.

Nawe mwalimu, waonye wanafunzi wasigeuze jibu kuwa taarifa ya habari. Mfano wa maisha unafaa kuwasaidia kuelewa. Ushahidi sharti utoke ndani ya kazi yenyewe. Hata hivyo, usiwaachie mtihani peke yake. Wengi wao wataombwa alama za vidole mara tu watakapotimiza umri wa kuchukua kitambulisho. Heri waende wakiwa na maswali hayo matatu.