Mlango Umebaki, Wenyewe Wako Wapi?

Kanuni za ujenzi ni maandishi, na maandishi husomwa. Sisi wapenzi wa vitabu tumezoea kuwaachia wahandisi karatasi hizi, kana kwamba hazina lugha wala wahusika. Mimi naona zina vyote viwili. Kanuni inayosema dirisha liwe la mbao, ukuta upakwe chokaa na ghorofa isiongezwe ovyo, inatusimulia mji ni kitu gani na ni nani anayeutazama.

Tuuchukue Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza iliundwa mwaka 1985. Mpango wake mkuu ulipitishwa 1994, na mwaka 1996 mbunifu Francesco Siravo akauchapisha kama kitabu, *Zanzibar: A Plan for the Historic Stone Town*, kwa ufadhili wa Aga Khan Trust for Culture. Miaka minne baadaye UNESCO ikauingiza mji katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kitabu ni kizuri, nisikinyime haki yake. Kinamfundisha msomaji kutofautisha nyumba ya Kiarabu yenye ua katikati na nyumba ya duka ya Kihindi, ambayo mbele ni biashara na nyuma au juu ni makazi. Tena hakiishii kwenye kuta: kinagusa matumizi ya ardhi, magari na maeneo ya wazi. Ukimaliza kukisoma, huwezi tena kupita Hurumzi ukaona "majumba ya zamani" tu.

Na tuseme ukweli, kanuni za aina hii si ubishoo. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa huuacha ukuta upumue. Unyevu unaingia, unatoka. Ukiupiga saruji, unyevu unanaswa ndani, ukuta unaoza kimyakimya huku nje unang'aa kama bibi harusi. Atakayebisha kwamba majengo haya yanahitaji uangalizi wa kweli, akumbuke tarehe 25 Desemba 2020. Siku hiyo sehemu ya Beit al Ajaib, jumba lililojengwa 1883 enzi za Seyyid Barghash, ilianguka wakati likikarabatiwa, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo likifa linaweza kuua.

Kwa hiyo sigombani na kanuni. Nagombana na lugha yake, au tuseme na ile sehemu ya lugha yake iliyobaki midomoni mwa watu. Ukisikia mjadala wa uhifadhi leo, utasikia mlango, dirisha, roshani, rangi, kimo. Yote ni maneno ya jicho, na jicho lenyewe ni la mpita njia, mara nyingi mgeni mwenye kamera shingoni.

Sasa, nyumba za pwani hazikujengwa kwa ajili ya jicho hilo. Tuvuke kidogo hadi Lamu, ambako jambo hili linaonekana wazi zaidi. Nyumba ya mawe ya kule, kama zile alizozichora Usam Ghaidan katika kitabu chake cha 1975 kuhusu mji huo, kwa nje ni ukuta mtupu. Mgeni anaanzia dakani. Akikaribishwa anapita tekani, ndipo anafika kiwandani. Misana iko mbele yake, na ndani kabisa hafiki kila mtu. Upana wa vyumba umeamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, ndiyo maana ni vyembamba, kama mita tatu hivi au pungufu. Na uzuri wote, zile zidaka zilizopangwa safu kwa safu, umewekwa kule anakofika jamaa, si kule anakopita mtu baki. Nyumba kama hiyo ukiihifadhi uso tu, umehifadhi kimya chake na kuyatupa maneno yake.

Waandishi wetu walilijua hili zamani. Katika *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Adam Shafi (1978), kasri si nguzo wala sakafu. Ni Kijakazi, anayejichosha humo ili bwana wake astarehe. Katika *By the Sea* ya Abdulrazak Gurnah (2001), nyumba ni deni na uhasama unaowafuata watu hadi Uingereza. Hakuna hata mmoja kati yao anayeuliza kwanza nyumba inafananaje. Wanauliza nani yumo, nani katolewa, nani ana haki ya kurudi.

Swali hilohilo liulizwe kwa kanuni. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, familia kutoka mashamba na Pemba zikaingia, zikagawana vyumba. Kodi ilikuwa ndogo na matengenezo yakawa madogo vilevile. Leo mwambie mpangaji wa nyumba kama hiyo, mwenye chumba kimoja na watoto wanne, kwamba dirisha lake bovu lazima lichongwe upya kwa mbao nzuri na fundi anayejua kazi, tena kwa kibali. Atakutazama tu. Mwenye hoteli haoni tabu: ana fundi, ana mbao, ana mtu wa kufuatilia kibali. Matokeo yake ni kichekesho kichungu. Anayeitii kanuni vizuri kuliko wote ni yule asiyelala mtaani hapo.

Najua jibu litakalokuja: hoteli zimeokoa majumba yaliyokuwa yanaporomoka. Kweli, zimeyaokoa. Lakini zimeokoa kuta. Nenda Jaws Corner jioni, watu wamejaa barazani, kahawa inazunguka, siasa inachambuliwa mpaka mifupa. Kisha ingia vichochoro ambavyo karibu kila mlango umeshakuwa wa wageni. Misumari ya shaba inameta, baraza imesakafiwa upya, na hakuna aliyekaa. Kwa mujibu wa kanuni, mtaa huo umehifadhiwa.

Hapo ndipo ninapodai kanuni iandikwe upya, si ifutwe. Iseme kwamba baraza ni ya mtaa hata nyumba ikiuzwa, wala isifungiwe kwa maua na vibao. Iseme kiasi gani cha kila mtaa kibaki makazi ya watu wa mtaani. Na anayetakiwa kupaka chokaa asiachwe peke yake na bei yake: sehemu ya fedha anazoacha mgeni mjini humo imlipe fundi wa yule mpangaji wa chumba kimoja. Bila hayo, masharti ya mbao na chokaa yanageuka kuwa notisi ya kuhama iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri.

Mlango wa Zanzibar ulichongwa ili mtu abishe hodi. Kanuni inayoulinda mlango huo inapaswa kujali pia kama ndani yupo wa kuitikia karibu.