Kulitambua Gobore Bora: Mtutu, Mtambo na Suala la Dhamana

Gobore, yaani bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, ni mwigo wa bunduki za kijeshi za Ulaya zilizopitwa na wakati, ambazo katika karne ya 19 zilishushwa Zanzibar na kupandishwa bara kwa misafara, zikawafikia rugaruga, yaani askari, wa Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, pamoja na wapiganaji wa Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye Januari 1893 aliiwasha ghala yake ya baruti Wajerumani walipoivunja ngome yake. Kati ya Isaka, penye bandari kavu ya reli ya kwenda Mwanza, na machimbo ya Geita, bunduki hizo zilikuta nchi yenye wafua vyuma, hasa Walongo waliojulikana kwa kuyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe. Magobore yaliyofuliwa kienyeji hayajatoweka, na mtu anayeyapima kwa ajili ya makumbusho au hifadhi ya familia hukosea mara nyingi kwa kuanza na kitako, ambacho ndicho sehemu rahisi kupendezesha.

Pa kuanzia ni dhamana. Katika vituo vya majaribio vya Liège na Birmingham, hiki cha pili kikiwa kimeanzishwa mwaka 1813, mtutu ulishindiliwa baruti nyingi kuliko kawaida, ukafyatuliwa, na uliostahimili ukagongwa muhuri karibu na kitako. Muhuri huo ndio uliokuwa ahadi pekee kwa mnunuzi. Hata hivyo, taji na neno TOWER, alama ya ghala la silaha la London, viligongwa pia kwenye mitambo ya bunduki za biashara ambazo hazikupata kuiona London, hivyo alama ya mtambo isichukuliwe kuwa ushahidi wa mtutu. Gobore la kienyeji halina muhuri wowote. Dhamana yake ni jina la mhunzi, na kwa kuwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza silaha bila kibali, mteja aliyepasukiwa na mtutu hana pa kudai.

Mtutu wenyewe ndio unaostahili muda mrefu zaidi wa mpimaji. Baada ya kuthibitishwa kuwa hauna baruti ndani, jambo ambalo mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, hulionyesha unapotumbukizwa na urefu wake kulinganishwa na ule wa nje, hutazamwa kwa kuuelekeza kwenye mwanga. Ufa mwembamba unaokwenda kwa urefu huashiria bomba lililounganishwa kwa kuchomelewa, ambalo halikukusudiwa kubeba mkandamizo wa baruti, na hiyo ndiyo kasoro kuu ya nakala za kisasa. Uvimbe katikati ya mtutu huonyesha risasi iliyokwama kabla ya kufika chini, au kwamba palitumika baruti ya risasi za kisasa, yenye nguvu kuliko ile nyeusi. Tundu la moto lililopanuka na kizibo cha nyuma chenye masizi pembeni ni dalili kwamba moto umekuwa ukivuja kuelekea usoni pa mpigaji.

Mtambo hupimwa kwa sikio na kidole: jogoo, kile kipande kinachoshika gumegume au kupiga fataki, kinapovutwa nusu kinapaswa kukaa imara pasipo kuteleza, na kinacholegea ni hatari hata kama springi ni kali. Kitako cha mninga, mti usiopinda upesi, ni sifa njema. Viraka vya ngozi mbichi iliyokaukia juu ya ufa visihesabiwe kuwa kasoro, maana ni historia ya matumizi, na mpimaji anayevibandua ameharibu alichokuja kukithamini.

Gobore lenye muhuri wa kale, mtutu usio na ufa na kitako chake cha asili lina thamani ya makumbusho. Lenye bomba la kuchomelewa halifai kufyatuliwa na yeyote, na aliyelikuta ghalani bila kibali alipeleke kituo cha polisi.