Haihitaji bando, haihitaji kujua kusoma: Kitkit School mkononi

Jamani, hii programu! Nimefungua Kitkit School ya Kiswahili na nusura nimpigie simu kila mwalimu wa darasa la kwanza ninayemfahamu.

Unakutana na mayai. Kila yai ni ngazi ya masomo, mengine ya kusoma, mengine ya hesabu, na mtoto akimaliza kazi zake yai linapasuka, kiumbe kinachomoza. Hapo tu nilikuwa nimeshanaswa, mtu mzima na ndevu zangu! Maelekezo ni sauti na picha, maana mlengwa hajui kusoma bado. Pembeni kuna maktaba ya vitabu na video, ubao wa kuchorea na ala za muziki. Na intaneti? Haiitaki kabisa.

Nilimkabidhi kishikwambi mpwa wangu wa darasa la kwanza, bila neno.

"Mjomba, nilibonyeze yai?"

Nikanyamaza. Akabonyeza. Alipofika kwenye kufuatisha herufi, kidole kiliteleza tumboni mwa "b", akarudia, kikateleza tena, akarudia, ulimi nje. Hakunitazama hata mara moja! Hapo ndipo niliposisimka zaidi. Darasani mtoto akikosea humwangalia mwalimu kwanza, kisha wenzake, aone nani anacheka. Huku kosa lake ni la kwake peke yake, na kurudia hakumgharimu aibu yoyote. Kwa mtoto mwenye haya, hiyo pekee inatosha kumfanya aendelee.

Mkono wa watengeneza michezo unaonekana kila mahali, na si ajabu. Sooinn Lee na mumewe Gunho Lee, waanzilishi wa kampuni ya Enuma huko California, wametoka kwenye tasnia ya michezo ya kompyuta. Walianza kubuni vifaa vya kujifunzia kwa ajili ya mtoto wao mwenye mahitaji maalumu.

Na sasa shikeni viti: uwanja mkubwa wa majaribio wa programu hii ulikuwa Tanga, Tanzania! Shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi vilivyotolewa na Google kwa karibu watoto 3,000 katika vijiji vya mkoa huo, wengi wao walikuwa hawajawahi kuingia darasani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 na programu tano za fainali, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mei 2019 Kitkit School na onebillion ya Uingereza zikatangazwa washindi wa pamoja, kila mmoja dola milioni 5. Utamu wenyewe ni kwamba programu zote tano zilitolewa wazi, yeyote anaweza kuzichukua na kuziboresha bure.

Watoto wale wa Tanga walijifunza nje ya shule. Mimi naitaka ndani, kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ya darasa la kwanza na la pili. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 (na tunawajua) hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma silabi. Lakini kikundi kimoja kikiwa kwenye vishikwambi pale dirishani, anaweza kukaa na kingine, kitabu mkononi, amsikie mmoja mmoja. Programu haimwondoi mwalimu, inampa muda. Na walimu wenyewe si wageni wa vifaa hivi, tangu vishikwambi vya sensa ya 2022 vilipokabidhiwa kwao.

Onyo moja: spika! Vishikwambi vichache vikitamka herufi kwa pamoja, darasa linageuka stendi ya daladala. Visikizi ni lazima, tena vile vya waya. Vya kuchaji vitawasumbua.

Walimu wakuu, msisubiri chumba cha kompyuta. Anzeni na vishikwambi vitano, visikizi vitano, kabati lenye kufuli na soketi moja inayofanya kazi. Fundi simu wa mtaani mwenye ujuzi kidogo atawasaidia kusakinisha programu.