Kilometa 80 za Wanawake: Hesabu Iliyokosewa katika Mbio za Baiskeli za Kanda ya Ziwa

Katika maamuzi yote ya kiufundi yaliyowahi kufanywa kwenye mbio za baiskeli za Kanda ya Ziwa, hakuna uamuzi wenye hoja dhaifu kama ule wa kuwapangia wanawake takriban kilometa 80, ilhali wanaume walipangiwa karibu kilometa 200. Mgawanyo huo ulizoeleka katika mashindano ya Vodacom Mwanza Cycle Challenge, yaliyokuwa yakiwavuta waendeshaji wa Shinyanga, Mwanza, Arusha na kwingineko mwishoni mwa miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010, enzi ambazo jina la Masunga Duba wa Shinyanga lilikuwa midomoni mwa wapenzi wa mchezo huu. Waliosimama kando ya lami wanaikumbuka tofauti hiyo, ingawa wengi waliichukulia kama desturi isiyohitaji sababu. Inafaa ichambuliwe kama uamuzi wa kiufundi, kwa kuwa ulikosewa pale pale ambapo ardhi ya Usukumani ilihitaji umakini mkubwa zaidi.

Ardhi yenyewe ni tambarare. Barabara itokayo Shinyanga mjini kwenda Maganzo, Hungumalwa na Misungwi hadi Usagara hupita katika mbuga za udongo mweusi, majaruba ya mpunga na mitaro yake, vilima vya mawe ya matale, na hapa na pale ngitili, yaani vipande vya ardhi ambavyo Wasukuma huvizuia visiingiwe na mifugo ili majani na miti ipate kurudi, desturi iliyopewa nguvu mpya na mradi wa hifadhi ya ardhi uliojulikana kwa jina la HASHI kuanzia mwaka 1986. Upande wa Geita misitu ya miombo huongezeka na barabara huanza kupanda na kushuka, lakini hata huko hakuna mlima unaoweza kumtenga mwendeshaji hodari na wenzake. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mpangaji wa mbio alipaswa kulizingatia, kwa sababu nchi ya milima huwachuja washindani yenyewe, lakini nchi tambarare huacha kazi hiyo kwa mambo matatu tu: upepo, ushirikiano wa timu na umbali.

Upepo hufanya kazi kwa njia ambayo mtazamaji wa kawaida haioni. Mtu anayenyonga baiskeli kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa katika lami tambarare hutumia sehemu kubwa kabisa ya nguvu zake kuisukuma hewa iliyo mbele yake, na kwa hiyo anayekaa kwenye gurudumu la mwenzake, yaani anayemfuata kwa karibu akijikinga nyuma ya mgongo wake, huokoa robo hadi theluthi ya nguvu hizo, na zaidi ya hapo akiwa amezungukwa katikati ya kundi kuu. Upepo ukivuma kutoka ubavuni, kinga hiyo huhama, na waendeshaji hulazimika kujipanga katika safu ya mshazari, ambapo kila mmoja hukaa nyuma kidogo na pembeni kidogo ya mwenzake upande ule ambao upepo unaelekea, mpaka upana wa barabara uishe na waliobaki wakose mahali pa kujificha. Hata hivyo kinga hii humsaidia mwerevu na mvivu kwa kipimo kilekile, na ndiyo maana mbio fupi katika nchi tambarare mara nyingi huamuliwa na mita 200 za mwisho, kwa faida ya mwenye misuli ya kasi ambaye hakuwahi kuuweka uso wake mbele ya upepo tangu alfajiri.

Umbali ndio dawa ya tatizo hilo. Mwili huhifadhi katika misuli na ini akiba ya sukari inayotosha takriban dakika 90 hadi saa mbili za kazi nzito, na baada ya hapo mwendeshaji huishi kwa anachokula na kunywa njiani, kwa jinsi alivyojitunza mapema na kwa uzoefu wa kuusikiliza mwili kabla haujagoma. Ikichukuliwa kwamba kundi la wanawake linakwenda kwa wastani wa kilometa 32 kwa saa, kilometa 80 humalizika kwa saa mbili na nusu, ambayo maana yake ni kwamba mbio hufungwa wakati uleule ambapo mtihani wenyewe ndio kwanza unaanza. Kundi la wanaume likienda kwa wastani wa kilometa 38 kwa saa hubaki barabarani kwa zaidi ya saa tano, na ndani ya saa hizo ndimo mtoroko, yaani hatua ya waendeshaji wachache kujitenga na kundi kuu, hupata muda wa kukua, kufukuzwa, kukamatwa na kujaribiwa tena. Wanawake hawakupewa mbio ndogo kuliko za wanaume, walipewa sehemu ya kwanza ya mbio na kuambiwa kwamba ndizo mbio zenyewe.

Mtu anaweza kudhani kwamba huo ndio uliokuwa mtindo wa dunia, lakini takwimu zinakataa. Mbio za barabarani za wanawake ziliingizwa kwenye Olimpiki mwaka 1984 mjini Los Angeles, na umbali wao ulikuwa kilometa 79 dhidi ya kilometa 190 za wanaume, sawa na asilimia 42 hivi, hesabu ya watu waliokuwa bado wanaogopa. Kufikia Beijing mwaka 2008, wakati mashindano ya Mwanza yakiwa yamepamba moto, wanawake walikuwa wakienda kilometa 126 na wanaume 245, yaani zaidi ya nusu, na katika Mashindano ya Dunia yaliyofanyika Kigali Septemba 2025 wanawake walipanda na kushuka vilima kwa kilometa 164.6 huku wanaume wakienda 267.5. Waandaaji wa Kanda ya Ziwa walikuwa wakipima kwa kamba ya Los Angeles robo karne baada ya Los Angeles yenyewe, ilhali wenye kamba walikwisha kuitupa. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba umbali wa wanawake wa Kigali unakaribiana sana na safari ya lami kutoka Shinyanga hadi Mwanza, takriban kilometa 160, katika nchi isiyo na hata kilima kimoja cha kulinganishwa na vile vya Rwanda.

Hofu iliyozaa hesabu hizi ni ya zamani, na imekuwa ikikanushwa na wanawake wenyewe tangu kabla ya watawala wa michezo kujifunza kusikiliza. Mwaka 1924 Alfonsina Strada alishiriki mzunguko wa Italia pamoja na wanaume, zaidi ya kilometa 3,600 katika barabara za vumbi na matope, akavunjikiwa usukani na kuufunga mpini wa ufagio mahali pake ili aendelee, na ingawa aliondolewa katika orodha ya washindani kwa kuchelewa kumaliza hatua ya siku hiyo, aliruhusiwa kuendelea na akafika mwisho wakati ambapo kati ya wanaume 90 hivi walioanza ni 30 tu waliomaliza. Miaka minne baadaye, baada ya mbio za mita 800 za wanawake kwenye Olimpiki ya Amsterdam, wakuu wa riadha walizifuta kwa madai kwamba zilikuwa zikiwaumiza, na hazikurudishwa hadi Roma mwaka 1960. Mwaka 1967 Beryl Burton wa Yorkshire alinyonga baiskeli kwa saa 12 mfululizo na kufikia kilometa 446, akaipita rekodi ya wanaume ya Uingereza. Njiani alimpita mwanamume aliyekuwa akiongoza, na akampa peremende alipokuwa akimpita.

Hoja inayotolewa mara nyingi kuutetea uamuzi wa kilometa 80 ni muda wa kufunga barabara, kwa kuwa barabara ya Shinyanga na Mwanza hubeba malori ya mizigo, mabasi na magari ya migodini, na polisi hawawezi kuisimamisha siku nzima. Hoja hiyo huanguka ikifanyiwa hesabu ya kawaida, maana barabara tayari ilikuwa ikisimamiwa kwa zaidi ya saa tano kwa ajili ya wanaume, na kundi la wanawake lililopewa kilometa 120 kwa mwendo uleule wa 32 kwa saa lingemaliza kwa saa tatu na dakika 45. Kama wangeanza saa moja baada ya wanaume, wangekuwa wamefika kabla askari wa mwisho hajaondoka njia panda. Hakuna hata dakika moja ya nyongeza iliyokuwa ikihitajika.

Hoja ya pili, isiyosemwa hadharani, ni kwamba wanawake hawajazoea. Atakayeisema Shinyanga atakuwa hajatazama barabara ya vumbi ya kijiji chochote asubuhi, ambapo baiskeli aina ya Phoenix yenye uzito wa karibu kilo 20 hubebeshwa madumu mawili ya maji yaliyofungwa kwa mpira wa tairi kwenye keria, kilo nyingine 40, na kunyongwa bila gia juu ya mchanga unaoling'ang'ania gurudumu. Kazi hiyo hufanywa polepole, kwa muda mrefu na kila siku, na ndiyo hasa hujenga ustahimilivu ambao mbio ndefu hupima na mbio fupi hupuuza. Kuwaandalia wanawake wanaofanya kazi hiyo mashindano ya kasi ya mwisho ni kuwapa ushindi wale waliopata baiskeli ya gia kutoka mjini, na ugomvi wa Phoenix na baiskeli ya gia ungepungua makali laiti umbali ungeachiwa ufanye kazi yake.

Watangazaji nao hawawezi kuachwa kando. Mazoea ya kukaa kimya kwa saa nzima na kuanza kupiga kelele kundi linapoingia mjini yamewafunza wasikilizaji kwamba mbio ni mita za mwisho tu, na wasikilizaji waliofunzwa hivyo hawawezi kuona kasoro ya kilometa 80.



Kwa mwandaaji yeyote atakayetaka kuazima ratiba hiyo ya zamani, njia bora kwa wanawake sasa ipo. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilometa tatu juu ya maji, mbio zinaweza kuanzia Geita, kupita Sengerema na kuingia Mwanza bila kusubiri kivuko, umbali unaozidi kilometa 100. Daraja huja zikiwa zimebaki takriban kilometa 30, baada ya akiba ya sukari kwisha, na mahali hapo hakuna mti wala nyumba ya kuukata upepo. Ukivuma kutoka kusini, utawapiga ubavu wa kulia, na anayeongoza atasogea karibu na katikati ya daraja ili wenzake wajipange kushoto kwake hadi ukingoni, ambapo nafasi hutosha wachache tu, na waliobaki watalazimika kunyonga peke yao kwa kilometa hizo tatu. Timu yenye waendeshaji wanne waliokula vizuri Sengerema inaweza kuyamaliza mashindano hapo hapo.