Mwanasheria, Wakili na Mwakilishi: Uhakiki wa Majina ya Watu wa Sheria

Istilahi tunazokusudia kuzihakiki safari hii ni majina ya watu, nayo majina ya watu hayasameheki kwa urahisi kama majina ya vitu. Mfasiri akikosea jina la chombo cha maabara, mwalimu atakionyesha chombo chenyewe kwa kidole na somo litaendelea. Lakini akikosea jina la mtu wa sheria, raia atabisha hodi kwenye mlango usio wake, atalipa ada isiyomhusu, na siku ya shauri atajikuta amesimama peke yake.

Tulipata kuonyeshwa fomu ya ofisi moja, ambayo hatutaitaja, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza ili wananchi waijaze bila taabu. Katika asili ya Kiingereza palikuwa na watu watatu: wakili aliyesajiliwa, mtumishi wa ofisi aliyesomea sheria, na mtu yeyote mzima ambaye mwenye mali amempa hati ya kutenda kwa niaba yake. Mfasiri aliwaita wote watatu "mwanasheria". Mama mmoja mjane alipofika kwenye nafasi iliyosema "jina la mwanasheria wako", alijibu kwa unyofu kwamba hana, akaiacha wazi. Kumbe nafasi hiyo ilikuwa ya kuandika jina la mtoto wa kaka yake, aliyekuwa akimfuatilia mambo ya nyumba. Fomu ilirudishwa. Mama yule akaenda kutafuta mwanasheria, akampata kijana mwenye shahada halali kabisa ya sheria, akamlipa. Na kijana yule, kwa kuwa hakuwa katika orodha ya mawakili, hakuweza kusimama mahakamani kwa niaba yake. Hakuna aliyedanganya katika kisa hiki. Neno moja tu lilibebeshwa mizigo mitatu.

Tuanze na neno hilo. "Mwanasheria" limeundwa kwa mfano wa maneno mengine ya mwana-, na ubora wake ni kwamba laeleweka mara moja. Udhaifu wake ni kwamba mwana- hakituelezi mtu ameingiaje katika jambo linalotajwa. Mwanafunzi ni mwanafunzi kwa kujifunza. Mwanajeshi ni mwanajeshi kwa kuandikishwa, na siku akiachishwa si mwanajeshi tena hata kama angali anajua kulenga shabaha. Mwanasiasa ni mwanasiasa kwa kuifanya siasa, awe amechaguliwa au ameshindwa. Je, mwanasheria ni mwanasheria kwa kusoma, kwa kuandikishwa, au kwa kuifanya kazi? Matumizi ya leo yanajibu "kwa yote", na jibu hilo halimfai mfasiri wa sheria. Maoni yetu ni kwamba neno hili libaki na maana ya kwanza tu, yaani mtu mwenye elimu ya sheria ya chuo. Hakimu ni mwanasheria, mhadhiri wa sheria ni mwanasheria, mshauri wa sheria wa halmashauri ni mwanasheria, na wakili naye ni mwanasheria. Lakini si kila mwanasheria ni wakili.

"Wakili" ni neno la umri mkubwa zaidi. Limetoka katika Kiarabu, na shina lake ndilo lililotupatia wakala, uwakilishi, mwakilishi na kitenzi kuwakilisha. Maana ya asili si mtu aliyesoma bali mtu aliyeaminiwa: anayepewa jambo la mwingine alishike kana kwamba ni lake. Katika ndoa ya Kiislamu hadi leo walii aweza kumteua wakili afungishe ndoa badala yake, wala hapana anayemwuliza wakili huyo cheti. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na mawakili wao bandarini waliopokea shehena na kudai madeni. Kwa hiyo sheria za kisasa zilipolichukua neno hili na kulifunga kwa mtu aliyesajiliwa peke yake, zililipunguza neno lililokuwa pana. Hatulalamiki, kwani istilahi huzaliwa hivyo. Tunalosema ni kwamba mahali palipoachwa wazi lazima pajazwe, na neno la kupajaza lipo: mwakilishi. "Wakala" halifai hapa. Limekwisha kushikwa na biashara na vyombo vya Serikali, hata mtu akilisikia hufikiri kwanza juu ya tiketi za mabasi, kibanda cha fedha za simu, au Wakala wa Barabara.

Kwa nini basi lugha iliyojitosheleza kwa majina ya hakimu, mshtakiwa, mdai na mdaiwa imechelewa kuwapambanua watu hawa? Sababu haimo katika lugha. Mahakama za mwanzo za Tanzania Bara ziliendeshwa kwa Kiswahili tangu zilipoundwa katika miaka ya 1960, na ndizo zilizopokea mashauri ya watu wengi kupita nyingine zote. Lakini sheria ile ile iliyoziunda iliwazuia mawakili wasionekane ndani yake. Kwa upande mwingine, katika Mahakama Kuu mawakili walikuwapo tele, nako kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Ikawa mahali penye Kiswahili hapana mawakili, na penye mawakili hapana Kiswahili cha kuandikwa. Kwa karibu miaka 60 majina haya hayakupata uwanja wa kukomaa. Mwaka 2021 mambo mawili yalitokea kwa pamoja: marekebisho ya sheria yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote, ingawa Kiingereza kingali kinaruhusiwa pale haki itakapohitaji, na mawakili wakaruhusiwa kuingia katika mahakama ya mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi. Mwananchi aliyezoea kujisemea mwenyewe mbele ya hakimu na wazee wa mahakama sasa anamkuta mtu wa joho upande wa pili. Ana haki ya kujua mtu huyo ni nani.

Lazima tuseme pia palipofanywa vizuri. Katiba ya mwaka 1977, inapotaja sifa za Mwanasheria Mkuu wa Serikali na za Majaji, haisemi tu mtu awe amesoma sheria. Inatenga shahada ya sheria, kazi ya uwakili, na sifa ya kusajiliwa kuwa wakili. Hayo ni mambo matatu kwa maneno matatu, na mfasiri aliye na shaka angefanya vyema kuvirejea vifungu hivyo kabla ya kubuni lake. Halikadhalika mgawanyo wa mwaka 2018, uliotenga Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka kutoka katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu, ulichagua majina kwa busara. Mwanasheria Mkuu anaishauri Serikali, na chini yake wamo waandishi wa sheria. Wakili Mkuu anasimama kwa niaba ya Serikali katika mashauri ya madai. Waendesha mashtaka wana ofisi yao kwa ajili ya jinai. (Wenzetu wa Kenya husema "kiongozi wa mashtaka", hatuoni sababu ya kugombania hilo, maana maneno yote mawili yanasema ukweli.) Anayeyasikia majina hayo kwa mara ya kwanza aweza kukisia kazi ya kila mmoja, jambo ambalo Mwingereza mwenyewe hawezi kulifanya kwa majina ya kwao.

Palipoharibika ni karibu na nyumbani. Chama cha mawakili wa Tanzania Bara, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1954, kinaandikwa na magazeti mara "Chama cha Wanasheria Tanganyika", mara "Chama cha Mawakili Tanganyika", pengine katika habari moja. Msomaji aweza kudhani vyama ni viwili. Kadhalika chuo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ambako mwenye shahada hupitia kabla ya kuomba kusajiliwa kuwa wakili, kinaitwa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Wanaoingia humo wamekwisha kuwa wanasheria tangu chuo kikuu; wanachokitafuta ni uwakili. Watu wa kawaida hukiita "Shule ya Sheria" na kuendelea na safari zao.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilileta mtu mwingine, msaidizi wa kisheria, ambaye hufundishwa ili awaelimishe na kuwaelekeza watu vijijini bila kuwa wakili. Jina hili ni zuri kwa kuwa ni nyenyekevu. Tunawasihi watangazaji wa redio waache kumwita "mwanasheria wa kijiji". Kumkweza hivyo hakumsaidii, na kunawafungulia mlango wale ambao mitaani huitwa vishoka, wanaoishi kwa ukungu huu huu wa majina. Mfano wa usahihi uko katika sheria ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004. Mfanyakazi anayefika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi aweza kuwakilishwa na mtu wa chama chake cha wafanyakazi, au wakili, au mwakilishi aliyemchagua mwenyewe. Mfasiri anayewaita wote "wanasheria" amemnyima mfanyakazi njia mbili kati ya tatu.

Tukigeukia utaalamu wa mawakili, tunakutana na tatizo la aina nyingine, nalo limejificha katika silabi moja. Tunasema wakili wa Serikali, wakili wa mshtakiwa, wakili wa ardhi, wakili wa kujitegemea, wakili wa Mwanza. Kiunganishi ni kile kile, uhusiano ni mbalimbali: wa kwanza ameajiriwa na Serikali, wa pili anamtetea mshtakiwa, wa tatu amebobea katika ardhi, wa nne hana mwajiri, wa tano ofisi yake iko Mwanza. Katika mazungumzo akili ya msikilizaji hutengeneza yote hayo bila taabu. Katika maandishi rasmi si hivyo. "Wakili wa benki" ni mwajiriwa wa benki, au mjuzi wa sheria za mabenki aliye tayari kukutetea dhidi ya benki hiyo? Kwa mwenye deni tofauti hiyo ni kubwa. Na "wakili wa jinai" husikika vibaya zaidi, kwa kuwa jinai katika Kiswahili ni uovu wenyewe kabla ya kuwa tawi la sheria. Tumemsikia mzee mmoja akiuliza kama wakili huyo yuko upande wa wezi. Tunapendekeza utaalamu utajwe kwa neno "mashauri" au "masuala": wakili wa mashauri ya jinai, wa mashauri ya mirathi, wa masuala ya kodi, wa masuala ya hakimiliki. Ni neno moja la ziada, na halichoshi.

Hatukubaliani kabisa na "wakili bingwa". Limeigwa kutoka "daktari bingwa", na kwa madaktari lina msingi, kwani ubingwa wao husomewa na kutambuliwa. Sheria yetu ya mawakili ina orodha moja tu. Anayesajiliwa leo na aliyetetea mashauri ya ardhi kwa miaka 30 wana idhini ile ile, na mmoja wao akijiandika bingwa hakuna daftari litakalothibitisha. Ujuzi wa wakili hujulikana kwa historia yake: alikuwa hakimu, au wakili wa Serikali, au mwalimu wa chuo, au alikulia katika ofisi ya mashauri ya bima. Mfasiri aitaje historia hiyo kwa maneno yake, naye msomaji ataamua mwenyewe.

Imebaki mizigo ya Waingereza. Kwao wakili ni wa namna mbili: mmoja humpokea mteja, huandaa hati na kuendesha shauri, mwingine hupokea shauri kutoka kwa mwenzake na kulinena mbele ya jaji. Kwetu kazi hizo zote ni za mtu mmoja, kwa hiyo hatuhitaji majina mawili kwa matumizi ya nyumbani. Tunayahitaji tu tunapofasiri habari za kwao. Wapo waliojaribu kutohoa, wakaandika "solisita" na "barista". La pili tumwachie anayechemsha kahawa mahotelini, maana amekwisha kulitwaa. "Wakili wa hati" na "wakili wa barazani" tumeyatafakari, lakini la kwanza halisemi kweli yote, kwani tangu sheria yao ya mwaka 1990 hata huyo wa hati aweza kupata idhini ya kunena katika mahakama za juu. Kwa sasa tunaona heri mfasiri aandike "wakili mwandazi" na "wakili mneni", aeleze mara moja mwanzoni, kisha aendelee.

Ile fomu tuliyoitaja tumeirudisha kwa wenyewe pamoja na mapendekezo yetu. Nafasi ya kwanza isomeke "wakili wako aliyesajiliwa, kama unaye". Ya pili, "mwanasheria wa ofisi hii". Na ya tatu, ambayo mama yule aliiacha wazi, "mtu uliyempa hati ya kukuwakilisha, awe ndugu au mwingine".