Komeo la Calcutta, pazia la 1980

Sitazunguka mbuyu: mwaka 1980 Bunge letu lilichemka. Lilichemka kwenye kifungu kimoja tu, cha 27 cha Sheria ya Ushahidi, na sisi tunaoshinda mahakamani huku Temeke na Kinondoni tunakula matunda yake mpaka leo.

Juzi nilikaa benchi la nyuma la mahakama moja upande wa Temeke. Mpelelezi akachomoa karatasi tatu kwenye bahasha ya kaki, aanze kusoma maelezo ya onyo, yaani ungamo la mshtakiwa lililoandikwa polisi. Wakili wa utetezi akasimama kabla hajafika mbali: mteja wangu aliteswa. Ikabidi ifunguliwe kesi ndani ya kesi, ya kuamua kama alikiri kwa hiari. Mpelelezi akaapa hakumgusa mtu. Mshtakiwa, kijana wa bodaboda aliyeishia darasa la saba, akaapa kwamba alichapwa nyayo, kisha akashikwa dole gumba likagandamizwa kwenye wino. Chumbani walikuwa wawili. Hakimu amwamini nani?

Hilo ndilo swali ambalo Baraza la Kutunga Sheria la India lilikataa kuulizwa mwaka 1872. James Fitzjames Stephen, mjumbe wa sheria wa baraza lile, simpambi. Pale Calcutta, lilikokaa baraza hilo, hapakuwa na mjumbe hata mmoja aliyepigiwa kura na Mhindi, na sheria zilipita kwa raha ya Gavana Mkuu. Lakini kwa uandishi, Sheria ya Ushahidi ya India aliyoiandika ni kazi safi: vifungu 167, na chini yake mifano ya A na B ambayo hata karani anaielewa.

Tazameni kifungu chake cha 25. Ungamo lililotolewa kwa polisi halithibitishwi dhidi ya mshtakiwa. Nukta. Hakiulizi kama alikiri kwa hiari, wala kama alikunywa chai kwanza. Cha 26: aliye mikononi mwa polisi, akitaka kukiri, akakiri mbele ya hakimu. Cha 27 kinaacha tundu dogo: maneno yake yakisababisha kitu kipatikane, yapokewe yale tu yaliyoelekeza kwenye kitu hicho. Hilo ndilo naliita komeo.

Na wala haukuwa wema. Mwaka 1855 tume ya Madras ilikuwa imeanika jinsi watoza kodi na polisi walivyotesa watu, na marufuku yenyewe ilishaingia kwenye kanuni ya mwenendo wa jinai ya 1861. Watawala wale waliwajua askari wao. Badala ya kumchunguza kila askari kama kapiga au hakupiga, wakayafanya maneno ya kupigiwa yasiwe na bei sokoni. Askari asiyeweza kuuza ungamo atatoka juani atafute ushahidi.

Tanganyika ililetewa sheria hiyo mwaka 1920, pamoja na furushi la sheria nyingine za India. Mwaka 1967 tukatunga yetu, Namba 6, na komeo likabaki, safari hii katika kifungu cha 27. Wabunge wale walikuwa na uhuru wa miaka 6 tu mkononi na sababu zote za kuchukia kila kilichotoka Calcutta. Walijua cha kutupa na cha kubakiza.

Ikaja Sheria Namba 19 ya 1980, ikabadili kifungu hicho cha 27. Ungamo kwa polisi likaruhusiwa, mradi liwe la hiari. Watetezi wake hunijibu kwamba mzigo wa kuthibitisha hiari uko kwa Jamhuri. Sawa, na shahidi wa Jamhuri ni nani? Ni yule yule aliyeandika maelezo! Kisha someni kifungu cha 29 cha sheria yetu: kitisho peke yake hakitoshi kulitupa ungamo, mpaka mahakama ione kwamba kilikuwa cha kuweza kumfanya mtu akiri uongo. Komeo limeng'olewa, mlangoni limetundikwa pazia.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 ilijaribu kuziba kwa kuweka muda wa saa nne wa kumhoji mtuhumiwa, na Mahakama ya Rufani imetupa maelezo kadhaa yaliyoandikwa nje ya muda huo. Kwa hiyo mtu anaponea kwenye mshale wa saa. Enzi za Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu tulibishana mambo mazito: mwaka 1994 alithubutu kusema adhabu ya kifo inavunja Katiba, hata kama Rufani ilimpindua mwaka uliofuata. Siku hizi mawakili wanabishania dakika.

Kenya walishtuka. Leo ungamo kwao ni mbele ya jaji, hakimu, au ofisa wa polisi ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mtuhumiwa awe na mtu aliyemchagua mwenyewe. India nao mwaka 2023 waliifuta sheria ya Stephen, lakini marufuku ya kifungu cha 25 wakaihamishia kwenye sheria mpya, kifungu cha 23.

Waheshimiwa wa Temeke na Kinondoni, muswada binafsi wa ukurasa mmoja unatosha: kifungu cha 27 kirudi kilivyokuwa 1967. Na msiuchomeke kwenye muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali. Uleteni peke yake, tuwasikie mkiujadili.